Kanisa Lililonunuliwa kwa Chumvi

Katikati ya karne ya 17, wapika chumvi wa Drohobych, mji ulio chini ya milima ya Karpati magharibi mwa Ukraine ya leo, walikwenda kununua kanisa. Hawakutafuta mbao za kujengea wala fundi wa kuwachorea jengo jipya. Walinunua kanisa lililokwisha kusimama na kusaliwa katika kijiji cha Nadiiv, wakalifungua gogo kwa gogo, wakalipakia kwenye mikokoteni, na yapata mwaka 1656 wakalisimamisha tena kwenye kiunga chao, karibu na visima vya maji ya chumvi. Masimulizi ya mji yanasema bei yake ililipwa kwa chumvi.

Kanisa hilo la Mtakatifu George lipo hadi leo, na mtaa linaposimama unaitwa Bwawa la Chumvi. Mwaka 2013 UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia, moja kati ya makanisa 16 ya mbao ya eneo la Karpati, manane ya Poland na manane ya Ukraine. Wageni wengi wanaolitembelea hawalali Drohobych. Hufikia Truskavets, mji wa chemchemi za tiba ulio kama kilomita kumi kutoka hapo. Asubuhi hunywa maji kwa agizo la daktari, mchana hupanda basi kwenda kutazama kanisa, jioni hurudi kunywa tena. Wengi huyachukulia mambo haya mawili kama hayana undugu: kanisa ni masalia ya wakulima wacha Mungu, na maji ni starehe ya watu wa mjini. Mimi nayaona ni matawi ya shina moja. Kanisa na chemchemi, na hata utajiri wa mafuta uliokuja baadaye kuipindua nchi hii, vyote vimetoka katika ardhi ile ile, tena katika matabaka yanayopakana.

Zamani sana, kabla ya Karpati kufikia kimo chake cha sasa, mbele ya milima hiyo palikuwa na bahari ya kina kifupi. Bahari ikakauka, ikaacha chumvi nene. Milima iliposukumwa kuelekea kaskazini, miamba yake ilipanda juu ya chumvi hiyo na kuikunja, na katika mikunjo hiyo hiyo yakanaswa mafuta na gesi. Mvua inaponyesha vilimani, maji hupenya, huyeyusha chumvi, kisha huibuka mabondeni yakiwa makali kuliko maji ya bahari. Mahali pengine huibuka yakinuka mafuta. Mahali pengine palitoka nta nyeusi ya ardhini. Mkulima wa huko alijua tangu utoto kwamba kisima hiki ni cha ng'ombe na kile si cha kunywa.

Drohobych iliishi kwa maji hayo makali. Kiwanda chake cha chumvi kinatajwa kuwa kimefanya kazi tangu karne ya 13, na ni miongoni mwa vikongwe kabisa katika Ulaya ya Mashariki. Kazi yenyewe ilikuwa ya moto na jasho. Maji yalivutwa kutoka kisimani kwa ndoo kubwa, gurudumu likizungushwa na farasi, kisha yakamiminwa katika masinia mapana ya chuma juu ya moto wa kuni. Yakichemka saa nyingi, chumvi ilianza kutanda, wapishi wakaikomba, wakaikandamiza katika vifinyango vidogo na kuikausha. Vifinyango hivyo viliuzwa mbali, na ndivyo vilivyoingia katika nembo ya mji: tisa, vimepangwa kwa safu. Ni miji michache inayojitambulisha waziwazi kiasi hicho kwa bidhaa inayouza.

Mali ya namna hiyo huvuta watu wa kila aina. Mfalme Władysław Jagiełło wa Poland alianzisha parokia ya Kikatoliki mjini mwaka 1392, na kanisa lake la Mtakatifu Bartholomayo bado limekaa katikati ya mji. Wayahudi walikuja kwa biashara na kukodi viwanda, na baadaye wakawa sehemu kubwa ya wakazi. Waukraine, ambao nyaraka za enzi hizo huwaita Warutheni, walikuwa wengi viungani, kwenye moto na kuni. Huko ndiko makanisa yao ya mbao yalikosimama. Wala wasifikiriwe kuwa ni watu waliofungiwa na dunia: Yuriy Kotermak, aliyezaliwa mjini humo yapata 1450, alisoma Kraków, akafundisha katika chuo kikuu cha Bologna, na katika mwaka wa masomo wa 1481 hadi 1482 akawa mkuu wa chuo hicho. Kitabu chake cha utabiri wa nyota kilichapishwa Roma mwaka 1483.

Kwa hiyo tunapolitazama kanisa la Mtakatifu George tusiseme ni jengo la maskini. Mbao haikuchaguliwa kwa kukosa fedha ya mawe. Mbao ilikuwa lugha ya ujenzi ya Warutheni wa Karpati, na mafundi wake walikuwa wameifikisha mbali.

Ukuta hujengwa kwa magogo yaliyochongwa bapa na kulazwa moja juu ya jingine. Pembeni, kila gogo hukatwa pengo ambalo mwenzake huingia na kukaza, kiasi kwamba uzito wa jengo lenyewe ndio unaolifunga. Misumari ni michache mno. Kanisa hugawanywa vyumba vitatu kwenye mstari mmoja kutoka magharibi kwenda mashariki: ukumbi wa mbele ambapo wanawake walisimama, chumba cha kati cha waumini, na patakatifu penye madhabahu. Juu ya kila chumba cha kanisa hili kumepandishwa kuba. Hapo ndipo ufundi unapojidhihirisha, maana chumba cha chini kina pembe nne, nacho kinageuzwa kuwa pembe nane kinapopanda, ngazi kwa ngazi kinapungua, mpaka kinaishia katika kuba lenye umbo la kitunguu na msalaba juu yake. Ukisimama ndani na kuinua kichwa, unaona magogo yakizidi kufupika kuelekea juu, na huoni nguzo inayoyabeba. Nje, paa na sehemu kubwa ya kuta hufunikwa vigae vya mbao vilivyopasuliwa kwa mkono, vikipandana ili mvua iteremke bila kugusa magogo.

Jengo la namna hii lina sifa moja ambayo jengo la mawe halina: linaweza kuhama. Fundi huyatia magogo alama, huyafungua kuanzia juu, na huyapanga upya mahali pengine kwa utaratibu ule ule. Katika Karpati jambo hilo lilikuwa la kawaida. Kijiji kilichopata uwezo wa kujenga kanisa kubwa zaidi kiliuza la zamani kwa kijiji chenye haja. Kanisa la Powroźnik, upande wa Poland, ambalo nalo limo kati ya yale 16, lilijengwa mwaka 1600 na kuhamishwa mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kuogopa mafuriko ya mto. Kanisa lilikuwa mali ya jumuiya, na mali ilisafiri na mahitaji ya wenyewe.

Wapika chumvi hawakuridhika na kulisimamisha tu. Walilipandisha, wakalipamba, na mwaka 1678 mnara wa kengele ulikuwa umesimama kando yake, wa mbao nao, wenye umbo la mnara wa ngome. Si ajabu. Mji huu ulikuwa umeonja uvamizi wa Watatari, na kumbukumbu za kuchomwa hazikuwa za mbali. Juu ya ukumbi wa mbele wakaweka kanisa dogo la ghorofani, lenye ukuta wake wa picha takatifu, jambo adimu katika jengo la magogo.

Lakini kinachomkalisha mgeni ndani kuliko alivyopanga ni michoro. Kuanzia karne hiyo hiyo ya 17 kuta zilichorwa karibu kila pahali. Nyufa kati ya magogo zilizibwa kwa vitambaa ili rangi isikatike, halafu wachoraji wakapanga visa vyao kwa mistari mmoja juu ya mwingine: habari za Agano la Kale, mateso ya Kristo, manabii, mitume, Hukumu ya Mwisho. Wachoraji hao walikuwa wameona picha za chapa kutoka Magharibi, na inaonekana katika mikunjo ya nguo na majengo ya nyuma. Hata hivyo nyuso na mpangilio ni wa Mashariki. Binafsi napenda zaidi mapambo ya pembeni kuliko watakatifu wenyewe: majani, maua na mizabibu inayojaza kila nafasi, kana kwamba mchoraji aliogopa kuacha gogo likiwa tupu. Mbele ya patakatifu ukuta wa picha takatifu unapanda kwa safu mpaka penye kivuli cha kuba.

Waliolisalia mwanzo walikuwa Waorthodoksi. Jimbo la Przemyśl, lililokuwa na mamlaka juu ya Drohobych, lilikubali umoja na Roma mwishoni mwa karne ya 17, na tangu hapo waumini wakawa Wakatoliki wa Kigiriki: liturujia ile ile ya Kibizantini, mapadre wenye wake na watoto, ila chini ya Papa. Mwaka 1772 Poland ilipogawanywa mara ya kwanza, nchi yote hii ikaangukia mikononi mwa Austria na kuitwa Galicia. Chumvi ikawa chini ya ukiritimba wa serikali ya Vienna. Hapa ndipo Truskavets inapoingia kwenye hadithi.

Truskavets inatajwa katika maandishi tangu karne ya 15, nacho kilikuwa kijiji cha chumvi kama ndugu zake. Wakazi wake walikuwa Warutheni wakulima walioyajua maji yao yote, mazuri na mabaya. Mwaka 1827 palijengwa huko bafu za kwanza za kujitibu. Katika miaka ya 1830 mfamasia wa Lviv, Teodor Torosiewicz, aliyepima maji ya chemchemi nyingi za Galicia, akayapima na ya Truskavets, na kuanzia hapo madaktari wakawa na sababu ya kuwaelekeza wagonjwa huko. Chemchemi zikapewa majina ya kike, kama Maria na Zofia. Hizo ni za chumvi.

Ile iliyoupa mji sifa inaitwa Naftusia, na harufu yake ya mafuta ndiyo iliyoipa jina. Haina chumvi nyingi. Ni maji mepesi yaliyopita kwenye miamba yenye mafuta na kubeba chembechembe zake, na madaktari wa huko huyaagiza kwa figo, ini na njia ya mkojo. Atakayeniuliza kama yanaponya nitamrudisha kwa daktari wake. Ninachoweza kumwambia ni kwamba hayafai kusafirishwa. Yakishatoka ardhini hayachukui muda kupoteza sifa yake, kwa hiyo chupa haisaidii; mgonjwa lazima ayafuate yalipo. Sharti hilo dogo ndilo lililojenga mji mzima. Maji yangekuwa yanavumilia chupa, Truskavets ingekuwa kiwanda. Kwa kuwa hayavumilii, ikawa na nyumba za wageni, bustani, njia za kutembea, na watu wanaonyonya maji polepole kwa vikombe vyenye mdomo mrefu kama wa buli, huku wakizunguka nyumba ya chemchemi.

Kasi ilikuja mwanzoni mwa karne ya 20. Rajmund Jarosz, Mpoland aliyekuwa meya wa Drohobych, aliongoza ununuzi wa chemchemi, na mwaka 1912 tawi la reli likafika. Wageni waliotoka Lviv, Kraków, Warsaw na Vienna walifikia katika nyumba za mbao za ghorofa mbili tatu, zenye veranda za kuchongwa na mapaa yaliyochongoka. Baadhi zimebaki, na katika mojawapo kuna makumbusho ya Mykhailo Bilas, msanii wa nguo na mazulia aliyefariki mwaka 2016. Mtu anayetoka kanisa la Mtakatifu George na kuzitazama nyumba hizo atatambua kitu. Sitadai kwamba aliyezichora alinuia kuiga kanisa. Lakini mbao ni ile ile ya msituni Karpati, na maseremala wa vijijini walikuwa bado wanajua kuifunga pembeni.

Fedha iliyoyawezesha haya yote haikutoka kwenye maji peke yake. Boryslav, mji jirani, ulikuwa umelipuka kwa mafuta. Tarehe 31 Julai 1853 hospitali moja ya Lviv iliwasha taa za mafuta yaliyosafishwa kutoka eneo hili, kazi ya wafamasia Ignacy Łukasiewicz na Jan Zeh, na baada ya hapo vilima vikatobolewa kila mahali. Mwaka 1909 Galicia ilikuwa ya tatu duniani kwa uzalishaji, nyuma ya Marekani na Urusi. Nta ya ardhini nayo ilichimbwa katika mashimo membamba, ambako gesi na maporomoko viliua vibarua wasiohesabika, ikauzwa kutengeneza mishumaa na kufunikia nyaya za simu. Leo nta hiyo hiyo hupashwa moto na kuwekwa kwenye viungo vya wagonjwa wa Truskavets, wengi wao wakiamini ni dawa ya asili isiyo na historia.

Aliyeiandika historia hiyo ni Ivan Franko. Alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Nahuievychi, mwana wa mhunzi, akasoma Drohobych akipanga katika nyumba ya seremala, na hadithi zake za Boryslav ziliwaingiza vibarua wa mafuta katika fasihi ya Kiukraine. Upande mwingine wa mji ule ule, mwalimu wa kuchora aitwaye Bruno Schulz, Myahudi aliyeandika kwa Kipolandi, aliugeuza mtaa wa maduka ya Drohobych kuwa nchi ya ndoto. Mwaka 1928 alionyesha michoro yake Truskavets. Seneta mmoja mzee aliyekuwa mapumzikoni aliiona ni ya aibu, akataka maonyesho yafungwe. Jarosz, mwenye chemchemi, akakataa. Ni kisa kidogo, lakini kinaonyesha mji wa tiba ulikuwa mahali gani: wazee wa heshima waliojaa maji ya figo wakikutana ana kwa ana na sanaa ya kisasa.

Tusiupake rangi ya dhahabu mno, hata hivyo. Kati ya vita viwili vya dunia eneo hili lilikuwa chini ya Poland, na uhusiano wa Wapoland na Waukraine ulikuwa mbaya. Tarehe 29 Agosti 1931 mwanasiasa wa Kipolandi Tadeusz Hołówko, ambaye kwa kweli alitafuta maelewano na Waukraine, aliuawa kwa risasi Truskavets, katika nyumba ya wageni iliyoendeshwa na watawa wa Kikatoliki wa Kigiriki. Waliofyatua walikuwa vijana wazalendo wa Kiukraine, wenyeji wa hapo hapo. Kijiji kilichowauzia wageni maziwa na mayai kilikuwa kinachemka chini kwa chini.

Halafu ukaja mwaka 1939, jeshi la Kisovieti, kisha Wajerumani mwaka 1941. Wayahudi wa Drohobych, waliokuwa karibu nusu ya mji na waliojenga katikati ya karne ya 19 sinagogi kubwa kuliko karibu zote za Galicia, waliangamizwa. Zaidi ya 11,000 waliuawa katika msitu wa Bronytsia peke yake. Schulz alipigwa risasi mtaani tarehe 19 Novemba 1942. Wapoland wengi waliondolewa baada ya vita. Kati ya jamii tatu zilizokuwa zimeujenga mji wa chumvi na mji wa maji, ikabaki karibu moja tu.

Mwaka 1946 utawala wa Kisovieti ulilifuta Kanisa Katoliki la Kigiriki. Waumini waliambiwa wajiunge na Waorthodoksi wa Moscow au wasali mafichoni hadi mwaka 1989. Makanisa mengi ya mbao yaligeuzwa maghala au kuachwa yavuje. La Mtakatifu George likawa tawi la makumbusho. Mtu anaweza kuona hilo kama kudhalilishwa. Mimi naona ndilo lililoliokoa: jengo la makumbusho lina mtunza funguo na hesabu ya vitu vilivyomo, na hakuna anayechimba ukuta wake kupitisha bomba la jiko. Wakati huo huo, serikali iliyofunga makanisa ilimwaga fedha Truskavets. Zahanati kubwa za zege za ghorofa kadhaa zikapanda juu ya zile nyumba za veranda, na wafanyakazi kutoka kila pembe ya Umoja wa Kisovieti walipewa hati za kwenda kunywa Naftusia kwa gharama ya vyama vyao.

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine yote mwaka 2022, vitanda vya zahanati hizo vimelaza watu wengine. Familia zilizokimbia kutoka mashariki mwa nchi zilipewa vyumba, na askari waliojeruhiwa hupelekwa huko kujifunza kutembea tena. Mwaka huo huo mgodi wa Soledar, uliokuwa ukiilisha chumvi karibu Ukraine nzima, ulisimama kwa sababu ya mapigano, na rafu za maduka zikabaki tupu. Ghafla watu wakakumbuka kwamba Drohobych kuna wanaopika chumvi kwa maji ya kisima.

Kanisa nalo lina madai yake, na si ya kishairi. Kigae cha mbao hukaa miongo michache tu kabla ya kubadilishwa, na kazi ya kukipasua kwa mkono haifundishwi mashuleni. Katika vijiji vingi vya Galicia, baada ya uhuru wa 1991, waumini walipopata fedha walifunika makanisa yao kwa mabati yanayong'aa: hayavuji, hayana gharama, na yanawapendeza wenyewe. Wataalamu wa urithi walilalamika, na wana haki, kwa sababu chini ya bati magogo hukosa hewa na kuoza bila kuonekana. Lakini mwenye kanisa anayelalamikiwa anaweza kuuliza nani atalipa vigae kila baada ya kizazi, na swali lake ni la haki pia. Mtakatifu George limenusurika mjadala huo kwa kuwa ni la serikali na limo kwenye orodha ya UNESCO. Adui wake ni moto, unyevu na bajeti. Katika nchi iliyo vitani, bajeti ya makumbusho hukatwa mapema, na seremala mwenye umri wa kupanda juu ya kuba ana umri wa kuitwa jeshini.

Kwa sasa mlango hufunguliwa na wafanyakazi wa makumbusho. Mgeni aliyetoka Truskavets na kikombe chake mfukoni hununua tiketi, huingia kupitia ukumbi wa wanawake, na huonywa asipige picha kwa mwanga mkali kwa sababu rangi za karne ya 17 haziuvumilii.